Majana yanaoza mzingani: jinsi ya kutambua na kudhibiti ugonjwa wa bakteria, kwa wafugaji wa nyuki kanda ya ziwa

Wadau habari zenu. Haya maelezo ni kwa wenye mizinga huku kwetu, Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba, Ukerewe, hata wewe mwenye mizinga michache nyuma ya mawe pale Kisesa. Yanahusu kitu kimoja tu, majana, yaani watoto wa nyuki wakiwa bado mabuu, kuoza ndani ya masega kwa sababu ya bakteria. Siafu, nyegere na nondo wa nta kila mtu anawajua na kila mtu ana mbinu zake, hao tuwaache leo. Bakteria ndo anatusumbua kwasababu haonekani, mtu anaona kundi limepungua, harufu imebadilika, anakimbia duka la mifugo ananunua OTC ya ng'ombe, yaani antibiotiki ya oksitetrasaikilini, anakorogea kwenye maji ya sukari anawapa nyuki, alafu anakaa anasubiri miujiza.

Hata kama utaishia hapa kusoma basi ondoka na hili: kinachosambaza huu ugonjwa zaidi ni mikono yetu wenyewe. Mzinga wa kununua kwa mtu, sega la zamani, nta ya chambo, kisu kimoja kinachozunguka manzuki (eneo lenye mizinga) nzima, na ndoo ya asali iliyoachwa wazi. Ukizibana hizo njia tano umefanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote utakayouziwa.

Magonjwa ni mawili, na hayatibiwi sawa

La kwanza ni uozo wa majana wa Kimarekani, maabara wanauita AFB. Bakteria wake ni Paenibacillus larvae. Ubaya wake ni kwamba anatengeneza spora, yaani anajifunga kwenye ganda gumu analala, na akilala hivo anaweza kukaa kwenye mbao za mzinga au sega kavu zaidi ya miaka 35 na bado akaamka. Maji ya kuchemka ya kawaida hayamuui, jua la Mwanza halimuui, kuyeyusha nta kwenye sufuria hakumuui. Jana linaambukizwa likiwa bado dogo kabisa, siku ya kwanza ya pili baada ya yai kuanguliwa, kwa kulishwa chakula chenye spora, na wakati huo spora chache tu zinatosha. Linakufa baada ya chumba chake, kile kitundu cha sega linamolelewa, kufunikwa. Jana moja lililokufa linaacha spora zaidi ya bilioni moja, kwahiyo nyuki kibarua anayelisafisha lile chumba anajipaka mdomoni alafu anaenda kulisha wengine. Nyuki mkubwa mwenyewe haumwi, anabeba tu.

La pili ni uozo wa majana wa Ulaya, EFB. Huyu ni Melissococcus plutonius, hana spora, japo kwenye masega anaweza kukaa miezi. Anaingia tumboni mwa jana na kula chakula chake, kwahiyo jana linakufa kwa njaa likiwa na siku nne tano hivi, kabla chumba hakijafunikwa. Hapo ndo kuna siri yake: kundi lenye vibarua wengi na chakula cha kutosha linaweza kumshinda bila msaada, kundi lenye njaa linaanguka. Ndo maana huku kwetu mwangalie zaidi mwisho wa kiangazi kuingia vuli, kuanzia mwezi wa tisa kwenda wa kumi na moja. Mvua zinaanza, malkia anataga kwa fujo, lakini vibarua wa kulisha bado wachache na maua hayajafunguka vizuri, basi majana yanalishwa nusu nusu.

Majina yasikuchanganye, hayo ya Marekani na Ulaya hayasemi ugonjwa unapatikana wapi. Afrika Kusini AFB ilithibitishwa mwaka 2009 kule Western Cape, kwahiyo mtu akikwambia ni ugonjwa wa wazungu mwache aendelee na safari yake. Kitu kizuri ni kwamba nyuki wetu hawa wakali wa bara, aina ya scutellata, ni wasafi sana, wanatoa majana mabovu haraka. Ubaya wake ni kwamba kwa sababu wanasafisha haraka dalili unaziona kwa uchache, vyumba vitatu vinne hapa na pale, ukikagua kwa haraka haraka hauoni kitu.

Hatua ya kwanza: jiandae kabla hujagusa mzinga

Nenda jioni kuanzia saa kumi na nusu hivi, ili uwe na mwanga wa kuona ndani ya vyumba lakini usiwe unafungua mzinga saa nane mchana na watoto wanatoka shule. Usiku kabisa haifai kwa kazi hii, tochi nyekundu ni nzuri kwa kuvuna ila kwa kuangalia rangi ya jana inakudanganya. Muwe wawili. Mmoja anashika bomba la moshi, mwingine anashika sega.

Beba hivi: njiti za kiberiti nyingi, bahasha za kaki au gazeti, kalamu, kisu au patasi ya mzinga, ndoo ndogo yenye maji na sabuni ya unga, na mfuko wa kuwekea njiti ulizotumia. Njiti iliyotumika haitupwi chini, inakwenda motoni kwenye bomba la moshi. Anza na makundi yenye nguvu, yale unayoyatilia mashaka yawe ya mwisho. Hii haina mjadala, ukianza na mgonjwa umeshawapelekea wenzake.

Hatua ya pili: kusoma sega

Kwa wenye mizinga ya fremu kazi ni rahisi. Kwa wenye mizinga ya fito za juu, na huku ndo wengi, kumbuka sega linaning'inia tu halijashikwa pembeni wala chini, ukililaza kama unavyolaza fremu linakatika kwa uzito, linakuangukia miguuni na majana yote na nyuki wamechachamaa, na hapo ukaguzi umeisha. Likate kwanza pale liliposhikana na ukuta wa mzinga, linyanyue wima, na ukitaka kuona upande wa pili lizungushe kwa kusimamisha fito kwanza kisha geuza, sega libaki linaangalia juu au chini muda wote, lisilale. Nyuki usiwakung'ute kwa nguvu kama sega ni jipya, wafagie taratibu na majani mabichi au unyoya mkubwa wa kuku.

Jua liwe mgongoni kwako, mwanga uingie ndani ya vyumba vile. Sega la majana lisilo na ugonjwa linakuwa na vifuniko vya rangi ya kahawia isiyokolea, vimetuna kidogo, vimepangana bila mapengo mengi. Majana ambayo hayajafunikwa ni meupe yanang'aa, yamejikunja duara chini ya chumba na yameogelea kwenye chakula. Hiyo picha ikae kichwani, maana ugonjwa utautambua kwa kuona kitu ambacho sio hicho.

Sasa mabaya. Mchoro umekuwa wa madoadoa, vyumba vitupu vimechanganyika na vilivyofunikwa. Hilo peke yake halitoshi, malkia mzee naye anatagisha hivyo hivyo. Angalia vifuniko: vimebonyea ndani, vina rangi ya giza, vinang'aa kama vina mafuta, na vingine vina katundu kadogo ambako kingo zake hazijanyooka, hiyo inaelekeza AFB. Angalia majana wazi: yamejipinda vibaya, mengine yamelala kwa urefu au yamejinyoosha ukutani badala ya kujikunja chini, rangi ya njano kwenda kahawia, na ukiangalia kwa makini unaona mishipa myeupe ya hewa kwenye mwili, hiyo inaelekeza EFB.

Harufu? Vitabu vinasema AFB inanuka gundi au samaki aliyeoza na EFB inanuka uchachu. Sasa huku ziwani, jamani, upepo ukivuma kutoka kwenye vichanja vya dagaa kila mzinga una AFB. Harufu itumie kwa kusogeza pua karibu na sega lenyewe, na usihukumu kwa harufu tu.

Hatua ya tatu: njiti ya kiberiti

Hii ndo hatua ya kuamua kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Chagua chumba chenye kifuniko kilichobonyea au chenye katundu. Ingiza njiti upande usio na baruti, zungusha ndani mara mbili tatu ili uvuruge kilichomo, alafu vuta taratibu sana, taratibu kama unahesabu hela za mtu. Ukivuta kwa pupa kamba inakatika na utasema hamna kitu. Kama ni AFB utaona ute wa kahawia unafuata njiti, unavutika kama mlenda ulioiva vizuri, sentimita mbili tatu au zaidi kabla haujakatika, na ukikatika unarudi chumbani kwa kujivuta. Rudia kwenye vyumba vingine kadhaa na njiti mpya kila mara, maana jana lililokufa jana na lile lililokufa wiki mbili zilizopita hayavutiki sawa. Likiwa bichi sana au likishakauka kamba haitoki.

Likishakauka linakuwa gamba jeusi limelala chini kwenye ukuta wa chumba, limegandamana kiasi kwamba ukilichokoa unabomoa chumba chenyewe. Kuyaona magamba haya shika sega kwa juu ulielekeze kwako uangalie ukuta wa chini wa vyumba, mwanga ukipita juu ya bega. Magamba ya EFB yanatoka kwa urahisi, ukiyasukuma na njiti yanabanduka kama mpira. Na ute wa EFB ni wa majimaji, unakatika mapema, japo ukiwa umeingiliwa na bakteria wengine unaweza kuvutika kidogo, ndo maana nasema rudia vyumba vingi.

Kama una gamba na unataka uhakika zaidi ukiwa nyumbani, chukua maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu moja kwenye mililita 100 za maji, weka kidogo kwenye kichupa cha glasi safi, tumbukiza gamba, chupa ikae mahali pa joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Pembeni weka kichupa kingine chenye maziwa hayo hayo bila gamba. Kama ni AFB maziwa yenye gamba yatapoteza weupe na kuwa maangavu ndani ya dakika 10 mpaka 20, kwasababu yule bakteria ana kimeng'enya kinachokula protini ya maziwa. Hiki kipimo hakichukui nafasi ya maabara ila kinakupa mwelekeo.

Hatua ya nne: usichome kitu ambacho sio

Kabla hujapaniki pitia hivi haraka. Majana magumu yaliyokauka kama chaki, meupe au meusi, yanayolia ukitikisa sega, hiyo ni fangasi. Jana lililonyooka chumbani, limekuwa kifuko chenye maji, kichwa kimeinuka na kimekuwa cheusi, ukilitoa linatoka zima kwenye kifuko chake, hiyo ni virusi. Mistari ya vyumba vilivyofunuliwa imenyooka kwenye sega, ni nondo wa nta anapita chini yake. Utitiri wa varroa nao unaharibu majana na kuacha mabawa yaliyosinyaa kwa nyuki wachanga.

Na kwa sisi tuliozungukwa na pamba, hili muhimu: kipindi cha kupiga dawa mashambani, nyuki wakubwa wakifa lundo mlangoni mwa mzinga ghafla ndani ya siku moja mbili, hiyo ni sumu. Magonjwa ya majana hayaui nyuki wakubwa kwa lundo, yanapunguza kundi polepole kwa sababu hakuna vijana wa kurithi. Ukiona lundo nenda kaongee na jirani mwenye shamba, apige dawa jioni nyuki wakiwa wamerudi, na akupe taarifa siku moja kabla.

Hatua ya tano: sampuli na taarifa

Kata kipande cha sega chenye majana mabovu, upana wa kiganja hivi, kama sentimita 10 kwa 10, kisiwe na asali. Funga kwenye karatasi, weka kwenye bahasha au boksi. USIFUNGE KWENYE NAILONI, linavunda na fangasi inaota, maabara wanakosa cha kusoma. Andika namba ya mzinga, kijiji, tarehe. Mpelekee afisa nyuki wa wilaya, yeye ndo anajua sampuli inakwenda wapi, kama ni maabara ya veterinari, TVLA, au kwa watafiti wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kule Njiro Arusha. Najua kuna wilaya ofisi ya nyuki ni meza moja na mtu mmoja anayesimamia misitu pia, usikate tamaa, peleka na uchukue jina la aliyepokea. AFB na EFB zote ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, zinatakiwa kuripotiwa, hauripoti kwa ajili ya kujipendekeza.

Wakati unasubiri majibu: mzinga ule usihamishwe, usivunwe, sega lake lisihamie mzinga mwingine, na punguza mlango wake kwa udongo au kitambaa ubaki upenyo mdogo ili nyuki wa nje wasiingie kuiba asali. Waambie na majirani wenye mizinga ndani ya kilomita tatu hivi, maana hapo ndo nyuki wanapofika. Kuficha kwa sababu ya aibu kutakurudia, kwa kuwa kundi la jirani likiugua na lako litarudi kuugua.

Kama ni EFB

Hapa kuna matumaini. Lisha: sukari kilo moja kwa lita moja ya maji safi, koroga mpaka iyeyuke, weka ndani ya mzinga jioni, kwenye chombo chenye vijiti vya kusimamia wasizame. Nje ya mzinga hapana, utaita wezi wa manzuki nzima na utakuwa umewaandalia sherehe ya kuambukizana. Usiwalishe asali ya kununua hata kama umepewa bure, asali ya mtu usiyemjua inaweza kuwa na spora. Binadamu akiila haimdhuru, jana linakufa.

Toa masega yaliyoathirika sana, yale ambayo robo na zaidi ya majana yamekufa, yachome. Kundi likiwa na nguvu na mbochi (maji matamu ya maua) ukianza kuingia, mara nyingi wanasafisha na kupona. Lakini kuwa makini na kupona huku. Bakteria wanabaki kwenye masega, na msimu ujao njaa ikirudi wanarudi nao. Kwahiyo kundi lililougua mara mbili badilisha malkia wake. Kwa nyuki wetu kununua malkia sio jambo la kila siku, njia rahisi ni kumtoa malkia wa kundi gonjwa na kuwapa sega lenye mayai na majana machanga kutoka kundi zima lenye nguvu ambalo umelikagua, wajilelee malkia wao. Faida ya pili ni kwamba wakati wanasubiri malkia mpya aanze kutaga hakuna majana ya kulisha, wanapata muda wa kusafisha vyumba na ugonjwa unakosa pa kukaa.

Wazungu wana mbinu ya kung'uta nyuki wote kwenye mzinga safi wenye masega mapya, masega yote ya zamani yanachomwa. Kwa EFB inafanya kazi. Kwa nyuki wetu tatizo ni moja, hawa hawana subira, ukiwavuruga wanahama, asubuhi unakuta mzinga mtupu. Ukitaka kuijaribu fanya kipindi cha maua, jioni giza linaingia, malkia mfungie kwenye kikebe cha wavu ndani ya mzinga mpya kwa siku tatu nne, na sukari iwepo tangu usiku wa kwanza. Kiangazi usithubutu.

Kundi dhaifu lenye ugonjwa usiliunganishe na kundi lenye afya eti wasaidiane. Nimeona watu wanafanya hivi kwa huruma kabisa na wanaishia na mawili mabovu.

Kama ni AFB

Hapa sitaremba, kundi linachomwa. Inauma, hasa mzinga ukiwa na asali, mtu atakwambia mzee wangu tuvune kwanza ndo tuchome. Kuvuna kwenyewe ndo kusambaza: ndoo, kisu, nguo, masega yanayodondoka njiani, nyuki wa jirani wanakuja kulamba.

Fanya hivi. Mchana chimba shimo karibu na mzinga, kina cha nusu mita au zaidi, liwe pana kutosha masega yote na uchafu wote. Kama uko kwenye ngitili (malisho yaliyohifadhiwa) au majani makavu ya mwezi wa nane, fyeka na kwangua mzunguko mpana kwanza, na muwe na maji na watu, maana kuchoma malisho ya kijiji ni kesi nyingine kabisa. Panga kuni kavu chini ya shimo. Jioni nyuki wote wakisharudi, ziba mlango na kila tundu kwa udongo. Zima bomba la moshi na lipeleke mbali, rudia kusoma hapo, MBALI. Mimina petroli kama nusu lita ndani kupitia juu, funga, subiri dakika kama kumi, mvuke wake unaua nyuki wote. Usiwashe moto mzinga ukiwa umefungwa na petroli ndani, utalipuka usoni.

Nyuki wakishakufa, hamishia masega, nyuki na takataka zote shimoni, hata wale waliodondoka chini wakusanye na udongo wa juu. Dumu la petroli liwe limeshaondolewa. Simama upande upepo unapotoka, washa kwa mti mrefu wenye majani makavu mwishoni. Asali na nta vitayeyuka na kutiririka, ndo maana ya shimo, vikitiririka juu ya ardhi nyuki wa kesho watavikuta. Hakikisha vimeungua kabisa kisha fukia usiku huo huo, udongo sentimita 30 na zaidi juu yake.

Mzinga wenyewe inategemea. Mzinga wa gome uchome pamoja na vyote, na wa gogo pia, nyufa zake hauwezi kuzisafisha. Mzinga wa mbao nzuri unaweza kuokolewa: kwangua gundi ya nyuki na nta yote (makwangulio yanaingia shimoni), alafu unguza ndani kwa moto mkali mpaka mbao ziwe za kahawia iliyokolea kila kona na kila ungio. Au chemsha vipande vyake kwenye maji yenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, nusu kilo kwa lita 45 hivi, ichemke dakika 20 kisha suuza. Tumia pipa la chuma. Sufuria zetu hizi za alumini kostiki inazila, na inatoa gesi inayoshika moto. Weka maji kwanza ndo uongeze kostiki kidogo kidogo, vaa glovu za mpira na miwani, watoto na mbuzi wakae mbali. Fito za juu zichome, kutengeneza mpya ni rahisi kuliko kuhangaika. Kisu na patasi vikwangue, vioshe na maji ya moto na sabuni, alafu vipitishe kwenye moto mpaka vibadilike rangi. Glovu za ngozi zilizotumika zichome nazo.

Kuhusu OTC na wenzake

Oksitetrasaikilini inazuia bakteria wanaokua, haigusi spora. Maana yake kwa AFB unaficha dalili, kundi linaonekana zima, unagawa masega, unauza makundi, na ukiacha dawa ugonjwa unaamka ukiwa umeshafika vijiji vingine. Na dawa inabaki kwenye asali. Tanzania inauza asali Ulaya, na kule hawajaweka kiwango chochote kinachoruhusiwa cha dawa hii kwenye asali, wanapima, wakikuta shehena inakwama. Asali ya kikundi kizima inachanganywa kwenye pipa moja, kwahiyo mchanganya dawa mmoja anawaharibia wote. Hata hao wanaotumia vitunguu saumu na mwarobaini kwenye sukari, sina ugomvi nao, ila AFB haiondoki kwa hilo.

Kuziba zile njia tano

Nta ya chambo nianze nayo maana hii ni yetu kabisa. Kila mtu anayetundika mzinga mpya anasugua nta ndani ili kundi livutwe na harufu, na mara nyingi anaomba nta kwa jirani au anachukua sega kavu kutoka mzinga ambao nyuki wamehama. Sasa jiulize kwanini walihama au walikufa. Sega la kundi lililokufa bila sababu kujulikana ndo sehemu spora zinapokaa, na wewe unalipaka kwenye mizinga kumi mipya. Tumia nta ya mizinga yako uliyoikagua, na itoke kwenye masega ya asali, ya majana hapana. Ukikosa tumia mafuta ya mchaichai, matone machache yanavuta kundi vizuri tu.

Mzinga uliohamwa ushushwe na usafishwe wiki hiyo hiyo, usiache masega yananing'inia. Mzinga wa kununua, hata ukipewa bei ya kutupa, unguza ndani kabla ya kutumia. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025, mzigo unavuka dakika chache, na mizinga yenye nyuki inavuka vilevile, kwahiyo uliza inatoka wapi na kagua majana kabla ya kulipa. Nyie wa Ukerewe maji yanawakinga kiasi, kinachoweza kuwaletea ugonjwa ni mzigo wa kwenye kivuko, mkikubaliana kikundi kizima kutoingiza masega na mizinga ya zamani mnakuwa salama kuliko sisi.

Ndoo za asali inayotoka Tabora au Kigoma, wauzaji wengi wa mjini wanasuuza nje na kumwaga, nyuki wanajaa hapo mpaka watu wanaogopa kupita. Osha ndani, maji mwaga chooni au shimo lenye mfuniko. Kisu kwenye maji ya sabuni kati ya mzinga na mzinga, mwisho wa siku motoni. Masega meusi ya majana toa mawili matatu kila msimu wa maua yakiwa matupu, waache wajenge mapya, nyuki wetu wanajenga haraka.

Kundi ulilonasa liweke mbali na mengine mpaka uone vizazi viwili vya majana vizima. Na baada ya kuchoma kundi la AFB, kagua majana ya mizinga yote iliyobaki kila baada ya wiki tatu, muda wa kizazi kimoja hivi, kwa miezi mitatu, kisha rudia tena vuli inayofuata majana yanapoanza kuongezeka. Mzinga uliounguzwa upake alama ya rangi nje usichanganyike na ambao haujaunguzwa, na ukiurudisha uwe pembezoni mwa manzuki, uwe wa mwisho kufunguliwa kila unapokagua.